Pongezi kwa Mafundi wa Trekta wa Juba

Trekta dogo la dizeli likigoma kuwaka mjini Juba, fundi mzuri hakimbilii kufungua injini. Huanza na betri: iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.6. Stata ikilia "tak" tu, husugua vichwa vya betri na waya wa ardhi kabla ya kuilaumu. Ikizungusha vizuri lakini moshi hautoki, basi dizeli haifiki. Hulegeza skrubu ya chujio, hupiga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kisha hukaza. Spana moja, na shamba linalimwa! Vipuri vipya kutoka Uganda husafiri kwa barabara ya Juba hadi Nimule mpakani, kilomita 192, iliyokamilika kwa lami mwaka 2012. Fundi anayepima kwanza humwepusha mkulima na gharama ya kuagiza vipuri asivyohitaji. Huo ndio ufundi unaostahili kulipwa vizuri.