Kazi ya ndugu katika upandikizaji wa uloto

Daktari akishatamka neno upandikizaji, ndugu wa mgonjwa wa limfoma huanza kujitolea mmoja baada ya mwingine: nipimeni mimi, chukueni uloto wangu. Ni upendo wa kweli. Lakini kwa wagonjwa wengi ambao saratani hii ya mitoki imewarudia, uloto wa mtu mwingine hauhitajiki. Seli shina huvunwa kwa mgonjwa mwenyewe, zikagandishwa, kisha akarudishiwa. Ndugu wana kazi nyingine kabisa, nami naihesabu kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Kwanza tuelewe nini kinachotibu. Si zile seli. Limfoma huuawa na tibakemia ya dozi kubwa mno, kubwa kiasi cha kuufuta hata uloto unaotengeneza damu. Seli shina zinarudishwa ili mwili uanze kutengeneza damu upya. Bila hizo dozi hiyo isingeweza kutolewa. Kwa hiyo madaktari huhakikisha mapema kwamba uvimbe bado unaitikia dawa. Utafiti uitwao PARMA, uliochapishwa mwaka 1995, uliwagawa wagonjwa 109 wa limfoma isiyo ya Hodgkin waliokuwa na sifa hiyo. Baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa walioendelea na tibakemia ya kawaida walikuwa asilimia 12.

Uvunaji wenyewe hauna kisu. Mgonjwa huchomwa sindano za filgrastimu kwa siku kadhaa, seli shina zikatoka kwenye uloto na kuingia kwenye damu. Mashine huichuja damu hiyo kwa saa 4 hadi 6 na kumrudishia iliyobaki. Kiwango cha chini kinachotafutwa kwa kawaida ni seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake, nazo huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kisha zinakuja dawa za BEAM: kamustini, etoposidi, sitarabini, na siku ya mwisho melfalani. Hapo kwenye melfalani ndugu ana la kufanya kwa mikono yake. Dawa hii haikawii kwenye damu, lakini huchubua kinywa na koo hadi mgonjwa ashindwe kumeza mate. Mgonjwa akimumunya barafu kabla ya dripu, wakati inaingia na muda kidogo baada yake, mishipa ya kinywani husinyaa na dawa inayofika pale hupungua. Meno yanauma kwa baridi, ulimi unakufa ganzi, mtu anataka kuacha. Aliyeketi kando ya kitanda anavunja vipande vidogo, anampa kimoja, anangoja kiyeyuke, anampa kingine. Ni barafu tu, na vidonda hupungua kweli.

Siku ya kurudishiwa seli ni fupi kuliko watu wanavyotarajia. Mifuko inayeyushwa, inaingia kama damu nyingine yoyote, na dawa ya kuhifadhia huacha chumbani harufu inayofanana na ya kitunguu saumu.

Shida huja baadaye. Chembe nyeupe hukaribia sifuri, na kwa kawaida hupita siku 10 hadi 14 kabla zile zinazopambana na bakteria hazijavuka 500 kwa kila mikrolita ya damu. Katika kipindi hicho homa ya nyuzi 38 ni dharura: antibayotiki inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja. Kwetu mtu akichemka tunampa panadoli kwanza, tukaona asubuhi. Hata akisharuhusiwa kutoka wodini, tabia hiyo inaweza kumuua, maana panadoli hushusha joto huku bakteria wakiendelea kuenea. Pima, andika, piga simu hospitali, ndipo mengine yafuate.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kukaa mlangoni. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu kwetu, na kumwambia shangazi aliyesafiri kutoka mkoani kwamba asiingie kwa sababu ana mafua kunahitaji mtu mwenye msimamo. Familia imteue mtu huyo mapema, mkubwa anayeheshimika, ili lawama zisimwangukie mke au mume anayeuguza.

Ndugu wakichangia damu, nayo ina sharti: hupigwa mionzi kabla ya kutumika. Seli za kinga za ndugu wa karibu zinafanana na za mgonjwa kiasi kwamba mwili wake unaweza kushindwa kuzitambua na kuziondoa, zikabaki na kumshambulia.

Vituo vingi hudai mgonjwa awe na mtu wa kukaa naye saa 24 kwa wiki za mwanzo baada ya kutoka, karibu na hospitali. Kwa familia zinazosafiri kutoka Afrika Mashariki hadi India hiyo ni kodi ya chumba, chakula na mshahara uliosimama nyumbani. Gharama hizo ziingizwe kwenye hesabu ya matibabu tangu siku ya kwanza, kabla ya kukata tiketi, kwa sababu mwuguzaji akiishiwa fedha katikati, mgonjwa amebaki peke yake katika wiki anazomhitaji zaidi.

Baadaye kuna chanjo. Kinga aliyopata utotoni huwa imepungua sana, hivyo kati ya mwezi wa 6 na wa 12 huanza kuchanjwa upya. Chanjo za virusi hai, kama ya surua, husubiri angalau miaka 2. Ya homa ya manjano, anayoweza kudaiwa mpakani, asiipokee kabla daktari wake hajaruhusu. Wanaoishi naye nao wachanjwe mafua kila mwaka.