Gitaa Lenye Gogo Tumboni

Wazo la fundi hupimwa pale linapotengenezwa kwa bei ya chini. Kama lilisimama kwa nguvu ya mbao adimu na mkono wa bingwa peke yake, bei ikishuka nalo linaanguka. Likisimama hata kwa plaiwudi ya kiwandani, basi lina uti wa mgongo. Gitaa la umeme la nusu wazi, lile lenye matundu mawili ya herufi f kifuani na mbao nzima iliyofichwa katikati, ni wazo la aina hiyo, na uti wake wa mgongo si wa mafumbo: ukigonga kifua chake kwa kidole unausikia.

Tatizo lililolizaa analijua kila aliyewahi kukaa karibu na spika za ukumbi wa dansi. Gitaa lenye tumbo wazi lina sauti tamu kwa sababu kifuniko chake chepesi hutikisika pamoja na nyuzi. Lichomeke kwenye amplifaya, lipandishe ili lisikike juu ya ngoma na tarumbeta, na utamu uleule unageuka adha. Sauti ya spika inakitikisa kifuniko, kifuniko kinazitikisa nyuzi, pikapu, yaani kinasa mtetemo wa nyuzi, inairudisha sauti kwenye amplifaya, na mzunguko unakua mpaka watu wanaziba masikio. Gitaa la mbao nzima haliugui maradhi hayo kwa urahisi, lakini wapigaji wengi wa jazi na bluzi waliliona kavu, halina pumzi.

Mpigaji Les Paul alilikabili jambo hili mjini New York mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alipopata nafasi ya kutumia kiwanda cha magitaa cha Epiphone siku zisizo za kazi, alichukua boriti ya msonobari, akaifungia shingo, daraja na pikapu, kisha akapasua gitaa la kawaida na kubandika nusu zake ubavuni mwa boriti. Chombo hicho kikajulikana kwa jina la Gogo. Mabawa yale yalikuwa hasa ya kuwaridhisha watazamaji, waamini kwamba wanaona gitaa. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, jimboni Michigan, chini ya Ted McCarty, ilitoa gitaa la ES-335, na humo gogo na mabawa vyote vikapewa kazi.

Uutazame ufundi wenyewe. Mwili una upana wa inchi 16 na unene usiofika inchi 2. Kifuniko na mgongo vimebinuka kidogo, kwa hiyo gogo lililonyooka lisingeshikana navyo. Mafundi wa Kalamazoo waliziba pengo kwa vipande vya sprusi, mti laini, vilivyochongwa kuufuata mbinuko huo, na gogo la mepo likapita katikati likishika juu na chini. Daraja na pikapu zikakaa juu ya gogo; pande mbili zikaachwa wazi. Gogo ndilo linaloifanya noti idumu, na pande wazi ndizo zinazoipa ulaini inapofifia. Mluzi ule wa spika haukufutwa, ulisogezwa mbali, na mpigaji hodari anaweza kuuita mwenyewe kwa kugeukia spika. Mpigaji wa bluzi B.B. King hakutaka hata mabaki yake: gitaa lake la jina la Lucille ambalo Gibson ililitoa mwaka 1980 halina matundu ya f kabisa.

Sasa tuje kwenye bei. Kifuniko cha ES-335, hata ile ya 1958, ni mbao ya tabaka: mepo nje na ndani, popla katikati. Kwa lugha ya karakana, ni plaiwudi. Haukuwa ubahili, maana mbao ya tabaka hubinuliwa kwa mashine, haipasuki ovyo, na haitikisiki kupita kiasi. Ndiyo sababu anayetengeneza gitaa la namna hii kwa bei nafuu halazimiki kuusaliti muundo. Epiphone, iliyonunuliwa na kampuni mama ya Gibson mwaka 1957, ilitoa modeli ya Dot mwaka 1997 kwa kuitumia ramani hiyohiyo. Kampuni ya Ibanez ikafuata na familia ya Artcore mwaka 2002, ikitengenezwa Uchina. Leo ES-335 mpya ya Marekani inazidi dola 3,000, ilhali jamaa zake hawa mara nyingi hupatikana chini ya dola 700.

Fedha hiyo imepunguzwa wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye saa za mikono. Rangi hupuliziwa nene, ya aina inayokauka haraka. Ncha za freti, vile vipande vya chuma vinavyogawa ubao wa vidole, hukatwa lakini hazisuguliwi mpaka zilainike. Kile kipande cha plastiki kinachopitisha nyuzi mwisho wa shingo huachwa na mifereji isiyo na kina cha kutosha, kwa sababu mfereji mfupi hurekebishika na mrefu mno hutupwa. Ubao wa vidole nao umebadilika. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, ulipoiweka jenasi nzima ya Dalbergia, ukoo wa mpingo wetu, chini ya udhibiti mwaka 2017, watengenezaji wengi walihamia miti mingine kama laureli. Vyombo vilivyokamilika vilisamehewa mwaka 2019, lakini laureli imebaki, na vidole havijalalamika.

Dukani, basi, usianze na rangi. Likamate gitaa likiwa limekazwa nyuzi, uitazame shingo kwa urefu wake kuanzia kichwani: inatakiwa ipinde kidogo sana kuelekea mbele, isijisokote. Pitisha kiganja ubavuni mwa shingo. Kikikwaruzwa, hizo ni ncha za freti. Bana uzi kwenye freti ya 12, ulinganishe na mlio mwembamba unaopatikana kwa kuugusa tu uzi hapohapo. Vikitofautiana, daraja linahitaji kusogezwa, na hiyo ni kazi ya bisibisi. Piga kila noti ya kila uzi, polepole, bila amplifaya. Noti inayokufa mahali pamoja inakuonyesha freti iliyonyanyuka.

Kisha chomeka waya, uzungushe kila kitufe. Hapa gitaa la nusu wazi lina ukali wake, hasa likiwa la mtumba. Magitaa mengi ya mbao nzima yana kifuniko cha skrubu kinachofunguliwa ukaziona nyaya. Mengi ya nusu wazi hayana. Vifaa vyote vya umeme viliingizwa kwa matundu ya f, na kwa matundu hayo vitatolewa. Nimemtazama fundi akifanya kazi hiyo: anafunga uzi kwenye kila kitufe kabla ya kukisukuma ndani, anatoa mfumo wote kupitia tundu, analehemu, halafu anavuta nyuzi zile mojamoja mpaka kila kitufe kikae tena kwenye shimo lake. Kitufe kikiguswa kidogo pembeni hugeuka, naye huanza upya. Kitufe kinachokwaruza sauti kinaweza kuonekana kasoro ndogo, lakini ujira wake si mdogo.

Kwa wanamuziki wa kwetu, unafuu huu una uzito ambao kijana wa Marekani huenda asiuone. Katika dansi la Tanzania vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park nayo ilipita mikononi mwa mashirika. Mpiga solo aliyehama bendi alihama na vidole vyake tu, gitaa lilibaki. Hakuweza kulizoea gitaa moja mpaka uzeeni, wala kulipeleka kwa fundi alivyopenda, kwa sababu halikuwa lake. Anayenunua gitaa lake mwenyewe leo, hata la bei ya chini, anapata haki ya kulirekebisha.

Haki hiyo aitumie. Bajeti isiishie kaunta. Sehemu yake iwe ya fundi atakayesawazisha freti, kuchimba mifereji na kupanga daraja. Muundo umeshalipiwa tangu Kalamazoo, nao hauharibiki kwa sababu lebo ni ya bei rahisi. Kilichopunguzwa ni saa chache za mwisho za kazi ya mkono, na saa hizo zinapatikana mtaani. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Huvunja kweli, mpishi anapodhani kwamba kununua ndiko kupika.