RUBANI YUPO: Maoni Kuhusu Istilahi za Vyombo Viongozwavyo kwa Mbali

Kila chombo kigeni kiingiapo nchini huja na haja ya jina. Aghalabu jina hilo hupatikana sokoni au redioni kabla ya wanaoshughulika na istilahi hawajapata nafasi ya kulipima, na likiisha kukolea vinywani mwa watu, kulisahihisha huwa taabu. Ndivyo ilivyotokea kwa vyombo viwili ambavyo siku hizi si ajabu kuvikuta mikononi mwa watu wazima katika miji ya Mbeya na Iringa kama ilivyo kwingineko: kigari kinachokwenda kwa rimoti, na kile chombo kidogo cha mapanga manne kirukacho angani ambacho wengine hukiita droni, wengine ndege nyuki, na wengine ndege isiyo na rubani.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili ni zito kiasi cha kujadiliwa na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Twajibu kuwa ni zito. Vyombo hivi vina kanuni, kanuni zina adhabu, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kila jina tunalolikubali leo laweza kesho kusomwa mbele ya hakimu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina tuliyoyapokea yana kasoro moja kubwa: yamemwondoa mtu aliyeshika chombo.

Gari na ndege kwa kipimo kimoja

Tuanze na kigari, kwa kuwa ndicho kinachofichua kosa. Mtu mzima akikiweka chini katika kiwanja cha vumbi, akasimama hatua ishirini kando na kukizungusha baina ya mawe, hakuna Mswahili atakayekiita "gari lisilo na dereva". Kila mtu aona kuwa dereva yupo, ila hakupanda. Jina "gari lisilo na dereva" tumeliwekea magari yale yajiendeshayo yenyewe kwa kompyuta, na hiyo ni akiba ya busara.

Sasa mtu yule yule aache kigari, achukue chombo cha mapanga manne, akipandishe juu ya mwamba wa Gangilonga pale Iringa. Vidole ni vile vile, macho ni yale yale, na kazi ni ile ile ya kuongoza kutoka mbali. Lakini mara tu chombo kinapoacha ardhi, lugha yetu yamvua mtu huyu kazi yake na kutangaza kwamba ndege haina rubani. Je, rubani huyu amekwenda wapi?

Asili ya jina hili yajulikana. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za anga za mataifa, katika kifungu chake cha 8 unataja ndege zirukazo bila rubani. Kwa mwaka ule lugha hiyo ilitosha. Lakini Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lenyewe limekwisha kusogea: katika waraka wake wa mwaka 2011, na zaidi katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilieleza kuwa vyombo vingi vya namna hii vina rubani, ila amekaa mbali, na likavitenga na vile vijiongozavyo bila mtu kuviingilia. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilifuata njia hiyo, kwani jina lake la Kiingereza lataja vyombo virushwavyo na rubani aliye mbali. Kwa hiyo Kiswahili cha magazeti kingali kikitafsiri mwaka 1944, ilhali kanuni inayotafsiriwa ni ya 2018.

Mfasiri anayeanza kazi hukutana na matokeo yake mapema. Ajaribu kuandika kwa Kiswahili kwamba mwenye kuongoza chombo sharti awe na kibali, naye ataangukia katika sentensi hii: "Rubani wa ndege isiyo na rubani awe na kibali." Hakuna haja ya mtaalamu kuona kuwa sentensi hiyo yajikata miguu. Wakili mwerevu akiipata, na chombo kimemwangukia mtu sokoni Mwanjelwa, aweza kuuliza sheria yamshitaki nani, iwapo yenyewe imekiri kuwa rubani hapakuwa.

Neno rubani lina historia ya kutosha kubeba maana hii mpya. Tulilipata kwa Waarabu, na kabla ya eropleni kufika kwetu rubani alikuwa mtu wa baharini: ndiye aliyejua mkondo na miamba, akakiongoza chombo kiingie bandarini salama. Eropleni ilipokuja, watu hawakuhangaika kuunda neno jipya. Walimtoa rubani majini wakampandisha angani. Lililomfanya awe rubani ni uongozi, wala si mahali alipoketi. Tena yafaa kukumbuka kuwa chombo kiongozwacho kwa mawimbi ya redio ambacho Nikola Tesla alikionyesha mjini New York mwaka 1898 kilikuwa mashua. Ikiwa rubani aliweza kutoka baharini kwenda angani, hatuoni sababu ya kumkataza kusimama nchi kavu.

Hasara nyingine ya jina hili ni ya kijamii. Kwa miaka mingi "ndege zisizo na rubani" zimesikika katika taarifa za habari kuhusu mashambulizi ya Pakistani, Yemeni na Somalia. Mwalimu anayekwenda Isimila siku ya mapumziko kuzipiga picha nguzo za udongo kutoka juu, akiwa na kibali chake na chombo kisichofika uzito wa kilo moja, hujikuta amevikwa jina la silaha. Askari wa zamu na mwanakijiji wakimtazama kwa wasiwasi, sehemu ya lawama ni yetu sisi tuliowapa neno hilo.

Nyuki yupi?

Jina la pili, ndege nyuki, limependwa na waandishi wengi, na lina sifa ya kuwa fupi na la Kiswahili kitupu. Limeundwa kwa desturi yetu ya kuweka jina kuu mbele na la kulifafanua nyuma, kama bata mzinga na mbwa mwitu. Hata hivyo lina mambo mawili ya kuangaliwa.

La kwanza ni asili yake. Neno la Kiingereza lililozaa droni maana yake ni dume la nyuki. Wengi hueleza kuwa jina lilianzia kwa ndege ya Uingereza ya mwaka 1935 iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wafanyie mazoezi ya shabaha. Ndege ile iliitwa malkia wa nyuki, na zilizofuata zikaitwa madume yake. Dume la nyuki halikusanyi asali wala halina mwiba. Sisi tulipotafsiri tulisema nyuki tu, na nyuki wa Mswahili ni yule mchapa kazi mwenye kuuma. Kwa hiyo tafsiri si aminifu, lakini kwa bahati njema imekuwa bora kuliko asili, maana mlio wa mapanga yale ni mlio wa nyuki hasa. Hata kaskazini mwa nchi, katika eneo la Tarangire na Manyara, vyombo hivi vimetumika kuwafukuza tembo mashambani, na hudhaniwa kuwa sababu moja ya tembo kukimbia ni mlio huo.

La pili ni la sarufi. Ndege wa manyoya huchukua upatanisho wa viumbe: ndege ametua. Ndege ya abiria huchukua upatanisho wa vitu: ndege imetua. Katika "ndege nyuki" majina mawili ya viumbe hai yamekaa pamoja, na wanafunzi hushawishika kuandika "ndege nyuki ameanguka". Walimu hawana budi kusisitiza "imeanguka" na "zimeanguka", la sivyo chombo kitahesabiwa miongoni mwa wadudu.

Mtu mzima na "mchezo"

Tatizo gumu zaidi ni la mtu mwenyewe. Huyu afanyaye hivi si kwa mshahara bali kwa kupenda, tumwite nani, na shughuli yake tuiite nini? Jawabu la haraka la watu wengi ni "mchezo wa watoto", na vyombo vyake "vichezeo". Ni kweli kwamba watoto wa Nyanda za Juu Kusini walianza zamani: huunda gari la waya, wakalikatia matairi ya ndala kuukuu, wakafunga fimbo ndefu yenye usukani na kukimbia nalo barabarani. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, kigari cha namna hiyo huitwa galimoto. Fimbo ile ndiyo mzee wa rimoti. Lakini aliyekua na kuendelea hakubaki pale pale.

Atazame mtu kazi yenyewe. Chombo kikimgeukia mwongozaji uso kwa uso, kushoto kwake kwawa kulia kwa chombo, na mkono usiozoea hukipeleka ukutani. Jiji la Mbeya liko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Mapanga hayana budi kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, na betri huisha mapema kuliko ilivyoandikwa kijitabuni. Anayejua hayo, akapima upepo ushukao mlimani, akalehemu waya uliokatika na kubadili gia ya kigari kilichojaa vumbi, anafanya jambo lenye elimu ndani yake. Raha yake haimfanyi kuwa mtoto, kama vile raha ya mcheza bao haimfanyi mzee wa barazani kuwa mtoto.

Shule nyingi za Kenya hufundisha kwamba shughuli kama hii ni "uraibu". Neno hili ni la zamani, nalo lilihusu vitu vya mazoea kama tambuu na tumbaku. Lakini hospitali na ofisi zetu leo zasema "uraibu wa dawa za kulevya", na maana hiyo imekwisha kushika. Mtumishi akijaza katika fomu kuwa ana uraibu wa kurusha droni, mwajiri aweza kumpeleka kwa daktari. "Burudani" nayo yafaa kwa mwenye kutazama zaidi kuliko mwenye kutenda. "Hobi" lasikika kwa vijana, wala hatulichukii, ila halijazaa kitu: halina jina la mtendaji wala kitenzi.

Neno tulitafutalo limekaa muda mrefu katika kurasa za michezo. Wapenzi wa ndondi husema "ngumi za ridhaa" na "ngumi za kulipwa", na hakuna anayedhani kwamba bondia wa ridhaa ni mtoto au kwamba ngumi zake hazina uzito. Ridhaa ni hiari ya mtu na radhi ya moyo wake. Kwa nini basi tusiseme "rubani wa ridhaa", "dereva wa ridhaa" na "urushaji wa ridhaa"? Neno hili latenga kwa usahihi jambo ambalo ofisi hutaka kulijua: mpiga picha za harusi arushaye kwa malipo ni mmoja, na mwalimu arushaye kwa kupenda ni mwingine.

Kifaa cha mkononi

Kuhusu kifaa chenyewe, orodha za istilahi zimekuwa zikitoa "kitenzambali", na madukani watu husema "rimoti". Kitenzambali hakikuundwa vibaya. Kitenzi tenza ni cha kale, nacho chasikika katika "kutenza nguvu", na muundo wake waeleza kazi: kifanyacho kitu kitende kutoka mbali. Udhaifu wake ni kwamba limekaa orodhani bila kupelekwa dukani. Twashauri litumike katika vijitabu vya maelezo na vitabu vya ufundi, na rimoti iachwe mitaani, kwa kuwa imekwisha kupata wenyeji.

Mapendekezo

(a) "Ndege yenye rubani wa mbali" liwe jina la kisheria la chombo kiongozwacho na mtu. Kwa ardhini, "gari lenye dereva wa mbali".

(b) "Ndege isiyo na rubani" lisifutwe, bali lirudishwe katika maana yake ya kweli, yaani chombo kijiongozacho chenyewe bila mtu kukiingilia safarini.

(c) "Ndege nyuki" na "droni" yaruhusiwe katika mazungumzo na magazeti, kwa upatanisho wa vitu. Droni lina sauti tulizokwisha kuzizoea katika droo na drafti.

(d) "-a ridhaa" litumike kwa afanyaye kwa kupenda, na "-a kulipwa" kwa afanyaye kwa malipo. "Uraibu" liachiwe madaktari.

(e) "Kichezeo" libaki kwa kitu cha mtoto, wala lisitumike katika fomu za ofisi kwa chombo kinachohitaji kibali.

Twatambua kuwa jina refu hushindwa na jina fupi sokoni, na (a) ni refu. Lakini sheria haiuzwi sokoni. Mfasiri ajaribu sasa ile sentensi iliyomkwaza: "Rubani wa mbali, awe wa ridhaa au wa kulipwa, sharti awe na kibali, na asikirushe chombo chake karibu na viwanja vya ndege vya Songwe na Nduli bila idhini." Hapo kila mtu yupo mahali pake, na anayepaswa kujibu anajulikana.