Namna ya Kupima Risasi ya Mawindo

Risasi ya mawindo hupimwa kichwa kwanza, kisha ganda, na mwisho kasi. Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, wajuzi wamepungua, na sifa zinagawiwa na watu wanaosoma kasi iliyoandikwa kwenye boksi tu.

Kasi ina faida. Risasi itokayo kwa mita 900 kwa sekunde haishuki upesi. Uwandani, aliyekosea kidogo kukadiria umbali wa swara bado humpata. Kichwa chepesi nacho hakiumizi bega. Faida hizo huishia kwa wanyama wadogo.

Jambo ambalo mwanagenzi halioni kamwe ni urefu wa kichwa ukilinganishwa na unene wake. Kichwa kirefu chenye gamba gumu hupenya mfupa bila kupinda njia. Kifupi na chepesi, kikienda mbio, hupasuka kwenye misuli na kuacha jeraha pana lisilo na kina. Mwindaji W. D. M. Bell alilifahamu hilo kuliko wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 misafara yake ilianzia Mumias, ikielekea Karamoja kutafuta pembe. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ndiyo 7×57 ya Mauser: kichwa cha gramu 11, kasi ya mita 700 hivi. Alipasua fuvu la ndovu ili ajue ubongo ulipo. Mwindaji wa namna hiyo hakuhitaji kasi.

Mwaka 1911 George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikabiliana na simba karibu na Nairobi akiwa na .280 Ross, iliyovuma duniani kwa kasi yake. Alimpiga, lakini simba hakuzuilika. Grey alikufa kwa majeraha.

Hata hiyo kasi ya boksi si ya kuaminiwa. Viwanda vimezoea kuipima kwa mtutu mrefu kuliko ule wanaouza; .458 Winchester ya 1956 ilinunuliwa na wengi kwa ahadi ambayo bunduki zao hazikuifikia.

Ganda zuri ni pana. Kampuni ya Rigby ililipanua la .416 mwaka 1911 ili msukumo wa baruti usizidi kwenye joto kali na ganda likakwama chumbani. Ustadi huo wa zamani haujapitwa.

Limebaki suala la umiliki. Risasi ya kiwanda kimoja hutengenezwa kwa makini, ila kiwanda kikiiacha, bunduki hubaki gogo. Kiwanda cha Kynoch kilipoacha kutengeneza risasi kubwa, .416 ilikosekana kwa miaka; .280 Ross karibu imetoweka. .375 ya Holland & Holland, iliyozaliwa 1912 ikiwa mali ya kampuni moja, sasa hutengenezwa na viwanda vingi, ina kichwa kirefu cha gramu 19, na kwa nyika za Afrika Mashariki hakuna iliyoipita.