F4 Kabla ya F2

Twende moja kwa moja dakika ya 14 ya ile video ya fundi anayefungua diski, maana huko ndiko kazi ilikoharibikia. Diski ya ThinkPad T40 ya mteja wake, mzee mstaafu aliyesahau nywila, imeshaunganishwa kwenye kompyuta ya mezani, Linux imeamka, fundi ameandika hdparm -I na skrini imejaa maelezo. Mistari miwili tu ilitosha kumaliza shughuli. Mmoja unasema ulinzi uko kiwango cha juu, haujafika kile cha mwisho. Mwingine unasema namba ya toleo la nywila kuu ni 65534. Kamera ikatulia hapo, sote tukasoma. Kisha fundi, akiwa na nywila sahihi mkononi, akaandika amri ya kufuta.

Wanaofuatilia safu hii wanajua mistari ile inasema nini. Nitaieleza kwa ajili ya waliompigia fundi makofi. Ulinzi wa ATA, ulioingia na ATA-3 miaka ya 1990, unaipa diski nywila mbili. Kuna ya mtumiaji, ile ambayo mzee aliiweka kupitia BIOS kisha akaisahau, na kuna nywila kuu, ambayo diski hutoka nayo kiwandani. Kiwango kikiwa cha juu, nywila kuu ina uwezo wote: inafungua, inaondoa ulinzi, na data inabaki ilipo. Kikiwa cha mwisho, inanyang'anywa hayo yote na kuachiwa kufuta peke yake. Ile 65534 ndiyo namba ya kiwandani, na ukiikuta ni dalili kubwa kwamba nywila kuu haijaguswa na mtu. Kwa Seagate kama ile Momentus ya mzee, nywila yenyewe si siri tangu zamani: ni neno Seagate likifuatwa na nafasi tupu 25, zitimie baiti 32. Fundi aliijua vizuri sana. Tulimwona akizihesabu nafasi zile kwa kidole!

Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Diski ni moja, nywila ni moja, hata mstari wa amri ni uleule. Tofauti yote iko kwenye neno moja, security-unlock au security-erase. Angeanza na kufungua, yaani F2, diski ingekubali au ingekataa. Ikikubali, unatuma F6 kuondoa ulinzi, unanakili kila kitu, mzee anaondoka na barua zake. Ikikataa, umepoteza nini? Diski huvumilia makosa matano, ikigoma unaikata umeme, unaiwasha tena, unaendelea. F4, ile amri ya kufuta, haina marudio. Ikishaanza kuandika sifuri, hata kukata umeme hakusaidii, kwa sababu diski itabaki imefungwa huku sehemu yake imeshafutwa.

Na watetezi wa fundi hawajanijibu jambo moja. Diski haikubali kufutwa kwa nywila ambayo si yake. Ile ilikubali. Kwa kiwango kilichosomeka pale skrini, nywila inayoruhusiwa kufuta inaruhusiwa pia kufungua. Basi kule kufaulu kulikoshangiliwa ndiko kunakomtia hatiani, kwa kuwa kumethibitisha kwamba F2 ingepita.

Wananiambia mteja alitaka mashine ifanye kazi. Rudini dakika ya pili mkamsikilize mteja mwenyewe: "Fundi, mashine hata ukiitupa sawa, nitolee barua zangu na picha." Fundi akamjibu, "Usijali mzee wangu." Mwishoni akampigia simu: "Shikamoo mzee, diski yako imefunguka." Imefunguka! Nimekuwa nikiulalamikia ugonjwa huu tangu enzi za simu za batani, pale ulipopeleka simu kwa sababu umesahau namba nne tu, kijana akaichomeka kwenye boksi lake, akaiflashi, akakurudishia ikiwaka na kitabu chako chote cha simu kimekwenda. Ukihoji unaambiwa si ulitaka ifunguke. Tumelea mafundi wanaopima kazi kwa mashine kuwaka. Aliyefunzwa hivyo, akiona neno la kufuta kwenye orodha ya amri, haoni hatari. Anaona njia ya mkato.

Mengine aliyafanya sawasawa: aliikwepa adapta ya USB, ambazo nyingi hazipitishi amri hizi, na BIOS ilipoigandisha diski kwa F5 aliilaza kompyuta na kuiamsha ikiwa huru. Pia, ashukuriwe, hakuchomoa betri ya CMOS. Bado wapo wanaoamini nywila ya diski inakaa kwenye mazabodi na kwamba ukiitoa betri ile usiku kucha itasahaulika. Wapo pia wanaobadilisha bodi ya kijani ya diski, wakati nywila kwa kawaida imeandikwa kwenye sahani zenyewe, katika eneo la huduma ambalo mtumiaji halioni. Nilishayaandika haya na nitayaandika tena, kwa sababu bodi za watu zinaendelea kuungua bure.

Kinachouma zaidi ni kwamba mashine yenyewe ilikuwa ThinkPad. Watu wa zamani wangeifikia kwa mlango mwingine kabla hata ya kuigusa diski. T40 inaiweka nywila ya msimamizi kwenye chipu ya 24RF08 pale mazabodi, na wazee wa kazi waliisoma kwa waya tatu na kisakiti kidogo cha bei ya chai kilichochomekwa kwenye bandari ya serial. Wengi wetu huweka neno moja kila mahali, kwa hiyo aliyeipata nywila ya msimamizi mara nyingi alishaipata na ya diski. Walijua pia mtego unaowanasa vijana wa leo kila siku: BIOS za ThinkPad za miaka ile haziipelekei diski herufi, zinaipelekea namba za vitufe vya kibodi. Herufi a haiendi kama 61, inaenda kama 1E. Mtu ana nywila sahihi kabisa, anaiandika kwenye hdparm, inakataliwa, anakata tamaa anafuta. Walisoma kwanza, ndipo wakaandika.

Andrew Huang, yule tunayemwita bunnie, ndiye kipimo changu. Mwaka 2002, akiwa mwanafunzi MIT, aliikuta Xbox, ambayo kwa ndani ni Pentium III ya MHz 733 na diski iliyofungwa kwa ulinzi huuhuu wa ATA. Alitengeneza bodi yake ya kusikiliza basi ya HyperTransport, akaunasa ufunguo wa siri ukipita kati ya chipu mbili. Hakufuta kitu, alisikiliza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu. Na waliokuja nyuma yake, hata wasio na darubini wala maabara, waliitumia busara ileile: Xbox huifungua diski yake yenyewe kila inapowaka, na diski ikishafunguliwa hubaki wazi mpaka ikose umeme. Basi waliiacha iwake, wakauchomoa waya wa data peke yake, wakauhamishia kwenye PC. Ni ujanja wa hatari, waya ule haukutengenezwa kuchomolewa moto, lakini data ilitoka nzima.

Fundi wetu hakuhitaji ujasiri wala kisakiti. Alihitaji kuamini mistari miwili aliyoionyesha kamera mwenyewe.

Sasa nasikia kuna wanaomshauri mzee aipeleke diski kwa wataalamu wa kuokoa data, pengine nje ya nchi. Asipoteze pesa zake. F4 haifuti orodha ya mafaili tu kama kufomati kwa haraka; inapita kila sekta ambayo mtumiaji anaifikia na kuijaza, ikiwa ni pamoja na zile ambazo Windows ilishazisahau. Kwenye diski ile ya GB 40, kilichobaki cha kusomwa ni sifuri. Kama mzee ana nakala, itakuwa kwenye CD fulani kabatini, au kwa watu aliowaandikia barua zile. Huko ndiko pa kuulizia, na gharama ya kuulizia ailipe fundi.