Jengo la Kijani Kando ya Mto: Alama Ngapi?

Ndugu wahitimu na wanafunzi, siku hizi neno "jengo la kijani" liko kinywani mwa kila mtu anayeandika mradi. Hata sisi tunaliweka kwenye kazi zetu za mwisho wa masomo bila kuuliza: nani anatoa hizo alama, na anapima nini? Leo tuzikague kidogo.

Mambo yenyewe si ya jana. BREEAM ilianza Uingereza mwaka 1990. LEED ya Marekani iko na pointi 110: ukifikisha 40 unapata cheti, ukifikisha 80 jengo lako linaitwa Platinum. EDGE ya IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia, ilitengenezwa kwa kuzifikiria nchi kama yetu. Yenyewe inadai jengo lipunguze asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 upande wa vifaa vya ujenzi, ukililinganisha na jengo la kawaida la hapo hapo.

Nianze na sifa, juu haki ni haki. Hicho kipimo cha tatu kinatugusa kabisa sisi watu wa Fizi. Tofali zetu ni za kuchoma, na tanuru linakula kuni siku na usiku. Ukuta tunaousifu kuwa mgumu, nusu yake ni miti ya mlimani. Na mlima ukibaki mtupu, mvua inateremka na udongo wote. Kwa joto pia EDGE haiko mjinga: hata kama hauna mashine ya kupoza hewa, inahesabu nishati ambayo ingehitajika ili watu wasiteseke ndani. Kwa hiyo baraza lenye kivuli na dirisha la kupitisha upepo vinahesabiwa. Bibi zetu walijua hayo bila kompyuta.

Shida inaanza hapa. Mwezi wa tano 2025, mvua ya usiku ilijaza mto huko Kasaba, katika teritware yetu ya Fizi, na maji yakabeba nyumba na watu. Mwaka 2020 Mulongwe ilifanya vile vile Uvira. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda miaka hii mpaka likaingia kwenye nyumba za watu pwani. Sasa niambieni: vipimo vile vitatu vya EDGE vinauliza wapi kama nyumba imesimama njiani mwa maji? Havikuulizi. LEED inauliza, lakini tazama namna yake. Katika toleo lake la 4, kwa majengo mapya, kuzuia moshi wa sigara ni sharti: usipotimiza, haupati kitu. Kukwepa ardhi nyeti, pamoja na mabonde ya mafuriko, ni pointi moja tu ya hiari. Ukiikosa, unaongeza pointi kwingine na Platinum yako unaipata.

Kwetu hesabu hiyo imegeuka kichwa chini. Nyumba ikibebwa na maji, tofali zote zilichomwa bure. Utajenga tena, utachoma tena, utakata miti tena. Hakuna akiba ya asilimia 20 itakayofidia hasara hiyo, tusiseme roho za watu.

Wengine watanijibu: tuko na sheria. Ni kweli. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira kabla ya mradi wenye kuweza kuyadhuru, na tangu 2014 kuna ACE, shirika la taifa la kusimamia kazi hiyo. Lakini uchunguzi huo unalipiwa na mwenye mradi mkubwa. Baba anayejenga vyumba vitatu Baraka, nani anamchunguzia?

Mimi sisemi tuzitupe hizi alama. Nasema tubadilishe mpangilio wake. Swali la maji liwe mlango: mto ulifika wapi mwaka ule wa mafuriko makubwa? Waulize wazee wa mtaa, wanaonyesha kwa kidole. Jibu likiwa baya, usihesabu kitu kingine. Likiwa zuri, njo tuzungumze kuni, kivuli na tenki la kuvuna maji ya mvua.

Kuuliza hivyo hakuhitaji cheti cha Washington. Kunahitaji mhitimu mmoja aliye tayari kumwambia mjomba wake, kwa heshima: "Hapa, hapana."