Yaliyo Juu na Yaliyo Chini: Maneno ya Mahubiri ya Maziko katika Nchi ya Rungwe

Mwenye kusikiliza mahubiri ya maziko huku Nkunga, na katika nchi yote ya Rungwe, hakosi kusikia onyo moja likirudiwa: kwamba Mkristo auelekeze moyo wake kwa mambo ya milele, wala asishikwe na mambo ya dunia. Onyo hili lina asili njema. Latoka katika Waraka kwa Wakolosai, mlango wa tatu. Walakini neno jema laweza kusemwa vibaya, na likisemwa vibaya mbele ya jeneza huumiza kuliko mengine, maana wafiwa hawana nguvu ya kuuliza. Kwa hiyo twataka kulipima hapa, kwanza kwa upande wa lugha, kisha kwa upande wa desturi, tupate kuona ni wapi wahubiri wetu wamefanya vyema na ni wapi wamepungukiwa.

Tuanze na lugha. Mnyakyusa wa zamani hakuwaweka wafu wake juu. Wafu, ambao kwa Kinyakyusa huitwa abasyuka, walikuwa chini, na makao yao yaliitwa ubusyuka. Kaburi lilichimbwa karibu na nyumba, na aliyelala humo alibaki kuwa jirani: aliweza kuleta baraka na uzazi, aliweza pia kuleta maradhi. Bibi Monica Wilson na mumewe, Bwana Godfrey Wilson, walifanya uchunguzi katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938. Bwana Wilson aliandika habari za maziko katika jarida la Bantu Studies mwaka 1939, akaeleza kilio cha wanawake, ngoma ya wanaume wenye mikuki, na ng'ombe waliochinjwa. Bibi Wilson naye, katika kitabu chake Rituals of Kinship among the Nyakyusa kilichotolewa mwaka 1957, alionyesha kwamba ibada za msiba zilikusudiwa kumtenga marehemu na walio hai ili asiwalemee, kisha kumrudisha nyumbani kwa amani. Hayo ndiyo yaliyokuwa mioyoni mwa watu waliposikia kwa mara ya kwanza habari za juu na za chini.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaingia nchi hii mwaka huohuo. Wote walihitaji maneno. Kwa kumtaja Mungu walichukua jina Kyala, ambalo kwa wenyeji lilikuwa pia jina la shujaa wa kale aliyeheshimiwa mahali pake maalumu. Kwa mbinguni walichukua neno kumwanya, ambalo maana yake ni juu tu, kama vile mtu asemavyo juu ya mti au juu mlimani. Kwa milele walichukua bwila na bwila. Bwila ni siku zote, daima. Ndilo neno la mtu anayesema kwamba jirani yake huja kumtazama kila siku bila kukosa.

Msomaji atazame vizuri maneno hayo mawili. Kumwanya ni neno la mahali, tena mahali palipo mbali na mwenye kusema. Bwila ni neno la wakati, lakini si wakati ujao peke yake. Linaihesabu leo pamoja na jana na kesho. Maneno haya yamewekwa pamoja katika mafundisho ya dini moja, na mhubiri huchagua lipi litangulie. Katika mahubiri mengi ya maziko tuliyoyasikia, kumwanya limemeza bwila. Umilele umekuwa mahali pa kwenda baada ya kufa, wala si uzima unaoanza mtu angali hai.

Kiswahili nacho kilisukuma upande uleule. Watu wa pwani, kwa kufuata Kiarabu, wana jozi ya dunia na akhera. Katika Kiarabu dunia ni iliyo karibu, na akhera ni iliyo ya mwisho. Wahubiri wa Kikristo mara nyingi waliliacha neno akhera wakashika mbinguni. Hivyo jozi ya karibu na mwisho ikageuka kuwa jozi ya chini na juu. Hatuwalaumu waliochagua hivyo, maana mbingu ni neno la Biblia yenyewe. Twasema tu kwamba jambo fulani lilipotea njiani. Mtu akiambiwa aache ya chini ashike ya juu, huinua macho. Haulizi ni nini kilicho karibu naye.

Sasa tuseme lililo jema, maana ni kubwa. Kwa Mnyakyusa, chini hapakuwa udongo mtupu. Palikuwa makao ya wazee wake. Alipoambiwa asizitie nia zake chini, alisikia zaidi ya onyo juu ya mali. Alisikia kwamba hana haja tena ya kumwogopa baba yake aliyelala migombani, wala kuhangaika kila mtoto augaunapo akitafuta ni nani huko chini aliyekasirika. Habari hiyo ilikuwa njema kwelikweli kwa watu waliokuwa wakiishi katika hofu hiyo. Wale wasomi wawili walieleza ibada kwa uangalifu mwingi, na tunawashukuru. Ila msomaji wa vitabu vyao na akumbuke kwamba mtu aliyebatizwa hakubadili ibada tu, alibadili pia namna ya kulala usiku.

Wamoravian walileta vilevile desturi yao ya alfajiri ya Pasaka. Ilianza Herrnhut, huko Ujerumani, mwaka 1732, ndugu vijana walipopanda kilimani penye makaburi yao kabla ya jua kuchomoza, wakaimba habari za ufufuo. Desturi hiyo ilisafiri pamoja na misheni zao, na Wamoravian wa Tanzania wanaishika. Tukiipima kwa maneno tuliyoyaeleza, twaona hekima yake. Waumini hawakimbii chini ili watazame juu. Wanasimama palepale walipolala wafu wao, miguu ikiwa katika umande, wakikiri kwamba walio chini hapo ni wa Bwana aliye hai. Juu na chini vimekutana mahali pamoja. Hayo ndiyo mahubiri bora ya maziko tunayoyajua, na wala hayana hotuba ndefu.

Upungufu uko wapi, basi? Uko katika kuusoma mlango nusu. Mtume, baada ya kuwaambia Wakolosai watafute yaliyo juu, hakuwaacha wakitazama mawingu. Katika mlango uleule anataja hasira, uongo, na tamaa ya mali, ambayo anaiita ibada ya sanamu. Kisha anasema habari za mke na mume, watoto na baba zao, watumwa na mabwana. Mwanzo wa mlango wa nne anawaagiza mabwana kuwapa watumwa wao yaliyo haki. Yaliyo chini, kwa maana yake, si shamba, wala ng'ombe, wala mgomba. Ni namna ya kuishi ya mtu asiyemjua Bwana wake. Na anayeyatafuta yaliyo juu hujulikana kwa jinsi anavyotenda nyumbani mwake.

Yohana anasema neno lilo hilo kwa njia nyingine. Katika mlango wa kumi na saba wa Injili yake, uzima wa milele ni kumjua Mungu na yule aliyetumwa naye, na kujua huko hakungoji kaburi. Katika waraka wake wa kwanza, mlango wa tatu, alama ya mtu aliyekwisha kuvuka kutoka mautini ni kuwapenda ndugu. Na hapohapo anauliza juu ya mtu mwenye riziki ya dunia anayemfungia moyo ndugu mhitaji. Tazama jinsi riziki ya dunia na uzima wa milele vilivyowekwa katika mlango mmoja, wala si kwa kutenganishwa, bali kwa kupimwa kimoja kwa kingine.

Twaja sasa kwenye desturi, na hapa neno letu ni zito kidogo. Tumeketi katika misiba mingi ya Nkunga. Katika mmoja, ambao hatutautaja kwa jina, mhubiri alisema kwa ufasaha kwamba marehemu ameacha migomba, chai na ng'ombe, na kwamba waliobaki wasilie kwa ajili ya vitu vya udongo. Watu waliitikia amina. Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, wanaume wa ukoo walikuwa wakishauriana ni ng'ombe yupi atakayechinjwa kuwalisha waombolezaji, na aliyebaki zizini alikuwa ndiye aliyewapa watoto maziwa na ada ya shule. Mjane hakuulizwa. Ameambiwa mbele ya kanisa kwamba ng'ombe ni kitu cha udongo. Angewezaje kumtetea bila kuonekana mtu wa dunia?

Hapo ndipo neno jema linapogeuka kuwa kifuniko. Aliyetakiwa kuyaachilia ya dunia ni yule asiyekuwa nayo. Wenye kula hawakuhubiriwa. Na jambo hili lina historia yake. Zamani mjane wa Kinyakyusa alirithiwa na ndugu wa marehemu. Misheni zilikataza ndoa ya wake wengi, na ndugu Mkristo mwenye mke hakuweza tena kumrithi. Mjane aliokolewa na ndoa asiyoitaka. Twaliona hilo kuwa jema wala hatutamani lirudi. Lakini pamoja na ndoa ile uliondoka pia wajibu uliojulikana na wote, yaani ni nani atakayemlimia, na kwa nani watoto wake watakula. Kanisa lililoondoa mtunzaji wa desturi lilijitwika utunzaji wenyewe. Mahali penye vikundi vya akina mama na wazee wa kanisa waaminifu, mzigo huo hubebwa vyema. Mahali pasipo nao, mjane hupewa kumwanya, na waliobaki hugawana pasi, yaani ya chini.

Huenda wengine wakasema kwamba tunaishusha Injili iwe kazi ya kugawa maziwa, na kwamba saa ya maziko ni ya kutangaza ufufuo, si ya kuhesabu ng'ombe. Twawajibu kwamba hatulegezi tumaini la ufufuo hata chembe. Mbingu si mfano tu wa wema wa hapa. Lau wafu hawafufuki, hata ile alfajiri ya Pasaka ingekuwa matembezi ya baridi tu. Lakini kwa kuwa wanafufuka, mtu aliyelazwa pale si kitu kilichokwisha, wala nyumba aliyoiacha si takataka ya njiani. Anayeamini kwamba atakutana tena na marehemu ana sababu kubwa kuliko mpagani ya kuogopa kukutana naye akiwa amewala watoto wake.

Basi tuna mashauri matatu kwa wahubiri, nayo ni madogo. La kwanza, wakiufungua Waraka kwa Wakolosai kando ya kaburi, wasome mpaka mwanzo wa mlango wa nne. La pili, katika Kinyakyusa walitamke neno bwila kwa maana yake yenyewe, siku zote, ili msikilizaji ajue kwamba umilele umeanza tangu leo asubuhi. La tatu, kabla ya baraka ya mwisho, mzee wa kanisa asimame ataje mbele ya watu wote jina la yule atakayemtembelea mjane juma lijalo, na la yule atakayemsaidia kulima msimu wa mvua ukianza. Majina hayo yatajwe kwa sauti kama linavyotajwa jina la marehemu.